Debe la Majivu

Kabla sijaeleza jinsi ya kuifanya chumvi ya kopo moja ikae miezi minne, niseme kwanza kwamba haiwezekani. Mimi niliamini inawezekana. Nikawafundisha na wanawake wa mtaani kwetu pale Kasulu, nao wakanisikiliza vizuri, maana mwanamke aliyekaa eda hana pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda watu humdhania ana akili.

Mume wangu alifariki mwaka 2013, mwezi wa sita, kiangazi ndio kimeingia. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na mtoto hatukujaaliwa. Mimi ni mtu wa Tanga. Yeye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani aliyekuja Kasulu na marobota ya vitambaa, akamwoa mwanamke wa Kiha kutoka Heru Juu, mwanamke akasilimu, wakapata vijana wawili. Mdogo ndiye aliyenioa mimi. Mkubwa ndiye shemeji yangu, na nusu ya habari hii ni yake.

Siku ya tatu ya msiba, kisomo kimekwisha na masufuria ya kukodi yanarudishwa, shemeji alikuja akasimama nyuma ya pazia la chumba changu. Mwenye eda hazungumzi na mwanamume ana kwa ana, kwa hiyo niliona miguu yake tu chini ya pazia, ndani ya kandambili za marehemu mume wangu. Alikuwa ameshazivaa.

"Shemeji," akasema, "nyumba hii hatutaki itoke kwenye ukoo."

"Haina miguu," nikamjibu.

Akacheka kidogo. Akasema duka la vitambaa amelifunga mpaka mirathi igawanywe, na cherehani yangu imo humo humo, iko salama, nisiwe na wasiwasi. Yeye duka lake la vyakula liko wazi. Miezi minne na siku kumi si mchezo, na mimi sina kwetu hapa. Nikipungukiwa, nimwombe.

Nikasema sitamwomba hata chumvi.

"Utaniomba tu," akasema taratibu. "Tena utaniomba mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nilimwelewa. Kumposa mwanamke aliye ndani ya eda ni haramu, na yeye alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, hilo alilijua. Kwa hiyo hakuposa. Alitaka nile kwake kidogo kidogo, ili siku ya kutoka eda niwe nimeshakuwa wake, mke wa pili, na nyumba ile ya vyumba viwili tuliyoijenga na mume wangu, yeye kwa vitambaa na mimi kwa cherehani, iingie mkononi mwake na mimi nikiwa ndani yake kama kabati. Basi nikajiapiza. Nitamaliza eda bila kula tonge lake. Nikitoka safi, nitakuwa na uso wa kukaa mbele ya shehe na kudai kilicho changu. Nikiomba hata mara moja, nimekwisha.

Na mtu waliyemleta kukaa na mimi alikuwa mama yake.

Alishuka kwenye bodaboda kutoka Heru Juu na mkeka, jembe lisilo na mpini, na debe la bati lenye kifuniko ambalo dereva alilifunga nyuma kwa mpira. Debe lilijaa mbegu za maharage ya njano, mbegu zake za msimu, amezichanganya na majivu ili zisibunguliwe. Hakutaka kuziacha kijijini peke yake. Aliliweka pembeni mwa jiko letu la uani, akaweka jiwe juu ya kifuniko, ndipo akaja kunipa pole.

"Mwana wanje," akaniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku ya harusi, mwanangu, kwa Kiha. "Humu ndani tutakula vyote. Debe lile hapana. Mbegu hailiwi. Hata ukiona nakufa njaa, mbegu hailiwi."

"Ego, mama," nikasema, ndiyo. Moyoni nikasema nani ana haja na maharage yako yenye majivu.

Mama mkwe wangu alikuwa mkono wa birika kwelikweli. Mche wa sabuni ukiingia ndani haukutumika siku hiyo wala wiki hiyo. Aliukata vipande kwa uzi, akavipanga dirishani vikauke, kwa sababu sabuni mbichi inayeyuka kwenye maji na kavu inadumu. Vikishakuwa vijipande vya kuponyoka mkononi alivikusanya ndani ya wavu wa vitunguu, akafunga fundo, tukaoshea vyombo. Maharage ya kula hayakuona moto kabla hayajalala kwenye maji, na sufuria ya maharage haikufunikwa kwa kifuniko, ilifunikwa kwa sufuria nyingine yenye maji, mvuke ukapasha maji ya kuoga bure. Chenga za mkaa, ambazo mimi nilizoea kumwaga, alizikanda na udongo wa kichuguu, akafinyanga mabonge, akayaanika juu ya ukuta. Bonge moja lilichemsha chai na bado likabaki jekundu. Dumu la mawese likiisha lilikuwa halijaisha. Alilikata kichwa kwa kisu, akatia ugali wa moto ndani, akausugua kila pembe mpaka ukageuka rangi, tukala hivyo hivyo bila mboga. Ukoko ukalowekwa ukawa uji. Maji ya kuoshea mchele yakaenda kwenye matembele.

Na majivu hayakutupwa. Kila Ijumaa alipochokora jiko aliyachekecha kwa kipande cha chandarua kikuukuu, akatoa vijiti na vipande vya mkaa, akayabeba kwenye ungo mpaka kwenye debe lake.

"Naongeza," alisema. "Wadudu hawalali."

"Mama, mwaka huu tutapanda majivu," nikamtania.

Akacheka, akafunika, akarudisha jiwe.

Mimi pia sikukaa bure, nisijidharau. Shuka zetu zilikuwa zimechakaa katikati, pale mwili unapolala. Nilizipasua kwa urefu, nikazigeuza, kingo nzima zikaja katikati na uchakavu ukaenda pembeni, nikazishona kwa mkono. Kwa cherehani ni kazi ya kuimba wimbo mmoja. Kwa sindano ilinichukua siku nne kila shuka, na sikulalamika, kwa sababu siku nilikuwa nazo nyingi kuliko nilivyozihitaji.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu yenyewe. Watu husema eda ni mapumziko. Wakae wao. Nyumba ilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara ya sokoni, na mimi nilikuwa nyuma yake, nimevaa nguo nyeupe, nywele hazina mafuta, hina hapana, wanja hapana. Nilijua saa kwa miguu ya watu. Asubuhi wanafunzi. Kisha wanawake wanaotoka Makere na mihogo kichwani, wanapiga hatua fupi fupi za mtu aliyebeba mzigo mzito. Kisha vumbi tu, lile jekundu la mwezi wa saba, linaingia hata kwenye meno. Mwanzoni niliwatazama kwa hamu. Baadaye nikaanza kuwachukia, wote, watu wasionikosea chochote, kwa sababu tu walikuwa wanafika kule wanakokwenda.

Siku moja nikasikia cherehani mtaa wa pili. Haikuwa yangu, yangu niliijua sauti. Ilikuwa ya mtu asiyeijali, imekauka mafuta, inakwaruza. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sababu ya cherehani ya mtu nisiyemjua. Mume nilikuwa nimeshamlia. Siku ile nilijililia mimi mwenyewe.

Mwezi wa nane upepo uliiangua kanga yangu kwenye kamba ya kando ya nyumba, ukaipeleka mpaka barabarani. Niliiona imejikunja kwenye mtaro, hatua kumi na tano kutoka mlangoni. Nikanyanyua mguu kuvuka kizingiti, na mama akawa ameshafika. Sijui alitokea wapi. Aliketi pale pale kwenye kizingiti, mwanamke mzima, akaujaza mlango.

"Kaa, mwana wanje."

"Mama, kanga yangu hiyo."

"Nimeiona."

Akainuka polepole, akaifuata yeye, akaikung'uta, akanirudishia. Kisha akachukua mahindi ya kupukuchua, akaketi tena kizingitini mchana kutwa. Magunzi aliyatupia kwenye kikapu cha kuni, hata moja halikupotea. Nikamtazama mgongo wake, nikajiambia kufuli la nyumba hii si la chuma.

Sasa, mifuko. Kila Ijumaa baada ya swala shemeji alipita. Hakupiga hodi. Aliweka mfuko barazani akaenda zake. Ndani yake mna sukari, chumvi, sabuni, pengine mchele au mafuta. Mama aliuingiza ukumbini, akaniangalia.

"Urudishe," nikasema mara ya kwanza.

"Ego."

Akauchukua mfuko akaenda nao uani. Baada ya kitambo akapita na kikapu chake kimefunikwa kanga, akatoka. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimwona shemeji kwa mawazo yangu, mfuko unamrudia kila wiki mkononi mwa mama yake mzazi, na watu wapo dukani wanaona. Nikasema kichwa chake kigumu, lakini na mimi changu hakikupikwa.

Na chumvi yetu haikuisha. Hilo ndilo lililonipa kiburi. Tulikuwa na kopo la maziwa ya unga tulilolijaza chumvi kabla ya msiba, na kila nilipolifungua lilikuwa na chumvi. Sukari vilevile. Nilichota kwa kijiko cha mtoto, nikafunga kwa nguvu, nikatia punje za mchele ndani ili isichuruzike maji. Nikagundua kwamba chumvi ukiitia mwishoni inaonjeka zaidi kuliko ukiitia mwanzoni, na hilo ni kweli mpaka leo. Wanawake waliokuja kunitazama niliwapa darasa. Usichote kwa mkono wa maji. Usiache kopo wazi karibu na mvuke. Pima kwa jicho, si kwa mkono.

Jirani mmoja, mwalimu aliyehamishiwa kutoka Mbeya, alikuwa na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Akaja na daftari la mazoezi la wanafunzi, akaandika kila nilichosema.

"Dada, kopo hili hili, miezi mitatu?" akaniuliza, kalamu imesimama.

"Ni akili tu," nikasema. "Bandu bandu huisha gogo. Basi wewe usibandue."

Mama alikuwa pembeni anachambua dagaa, vichwa upande huu kwa ajili ya kusaga, miili upande ule.

Lakini tumbo halidanganywi na akili. Mwezi wa tisa nilikuwa nimekonda mpaka pete inazunguka. Unga wa muhogo ulikuwa unaelekea chini ya gunia, na mama alipunguza bonge la ugali siku hadi siku, akidhani sioni. Wazo likaniingia, likakaa, likazaa. Huyu si mama wa marehemu tu. Huyu ni mama wa aliye hai. Amekalishwa hapa anibane kwa njaa, polepole, mpaka mdomo wangu mwenyewe ufunguke niseme, mama, mwambie shemeji alete. Kila kipande cha sabuni dirishani nikakiona ni njama.

Mchana mmoja akaniletea ugali uliosuguliwa kwenye dumu, kwa mara ya tatu wiki ile. Nikasukuma sahani.

"Mama, tuseme ukweli. Mwanao amekutuma."

Akanitazama.

"Unanitia njaa ili nimwombe. Ubahili gani huu? Umeshamzika mmoja, sasa unataka kumwozesha mwingine kwa mgongo wangu. Sema tu."

Nilisema hivyo. Kwa mwanamke aliyezika mtoto wake. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kwamba labda nilisema kwa upole, na sikusema kwa upole.

Mama akaichukua sahani, akarudisha ugali kwenye sufuria, akafunika.

"Chakula hakitupwi," akasema. Akaenda mpaka uani, akarudi mlangoni. "Kafukie moto, mwana wanje. Upepo umeanza."

Siku mbili sikumwamkia. Kwenye nyumba ya watu wawili, siku mbili ni ndefu. Yeye aliniamkia kila asubuhi, akapiga makofi yale mawili matatu ya salamu za Kiha, kama hakuna kitu, na mimi nikatazama ukuta.

Siku ya kutoka eda ilifika mwezi wa kumi. Wanawake walikuja wakaniogesha, wakanipaka mafuta, nikavishwa kanga mpya ambayo dada yangu aliituma kwa basi kutoka Tanga. Mchana tukakaa ukumbini: shehe, wazee wawili wa msikitini, shemeji na mkewe, mama juu ya mkeka wake, na mimi. Mara ya kwanza baada ya miezi minne nikamwona shemeji kuanzia juu. Alikuwa amenenepa.

Shehe alisoma dua, akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya mirathi. Shemeji akakohoa.

Akasema yeye hataki maneno mengi. Mdogo wake amekufa, mjane hana mtoto, kwao mbali. Yeye ndiye aliyemtunza eda nzima, kila Ijumaa, watu wa mtaa mashahidi. Mtu aliyelishwa na nyumba fulani anajulikana ni wa nyumba ipi. Eda imekwisha, sasa anaweza kutamka: yuko tayari kumwoa shemeji yake, nyumba ibaki kwenye ukoo.

Nilikuwa nikiungoja wakati huo tangu siku ya kandambili. Nikaweka mkono kifuani.

"Shehe, huyu anasema uongo. Mifuko yake yote ilirudishwa. Sijala punje yake. Sijaonja hata chumvi yake. Muulizeni mama."

Wote wakamgeukia mama.

"Umekula," mama akasema.

Sikusikia vizuri. Au nilisikia.

"Umekula, mwana wanje. Kopo nililijaza mimi. Sukari, mimi. Sabuni ile, yake. Kwa kile tulichokuwa nacho ungekufa mwezi wa pili wa eda."

Damu ilinipanda usoni mpaka masikio. Nikafikiria chumvi, kijiko cha mtoto, daftari la mwalimu. Akili tu, nilisema. Shemeji akaweka mikono yake miwili juu ya magoti na kutulia, mtu aliyemaliza kazi.

"Bado sijamaliza," mama akasema, na sasa alikuwa anamtazama mwanawe. "Amekula. Lakini wewe hukumpa. Nilinunua. Kila Ijumaa nilikuja dukani kwako na maharage, nikayamimina kwenye mizani yako mwenyewe. Nikasema hii ni bei ya mfuko. Fundi baiskeli alikuwa amekaa pale. Nilisema au sikusema?"

"Mama, nilidhani unatania," shemeji akasema. "Nilidhani unawaletea wajukuu."

"Ulipima. Mtu hapimi utani."

Mkewe shemeji alikuwa hajafungua mdomo tangu waingie. Ni mwanamke mpole, na hakuna aliyemuuliza kama anataka mke mwenzake. Sasa akasema, macho yako sakafuni, "Ni kweli, shehe. Maharage yalikuja kila wiki. Ya njano. Mimi ndiye niliyeyapika. Yalikuwa na majivu, nikawa nayaosha mara tatu."

Majivu. Nikageuza shingo kumtazama mama, na mama akatazama mlango.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Shehe alisema kula hakufungi ndoa, na kilicholipiwa hakina mdai. Mama akasema fungu lake la mirathi liko kwenye matofali ya nyumba hii na yeye anakaa na mimi. Shemeji akachukua vitambaa vya dukani kwa fungu lake, na cherehani yangu ikarudi jioni ile ile kwenye mkokoteni. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba ilikuwa yangu na mama, na hakuna mtu wa kunioa kwa nguvu. Nasema kwa sababu watu huniuliza.

Lakini mara tu wanaume walipotoka, kabla hata cherehani haijaja, nilikwenda uani. Niliondoa jiwe, nikafungua debe. Lilikuwa limejaa mpaka juu, limesawazishwa vizuri. Nikaingiza mkono. Ukaenda mpaka kwenye kiwiko, laini, hakuna kitu kinachogusa vidole. Nikagusa bati la chini. Nikatoka na ngumi iliyojaa majivu na punje mbili zilizobunguliwa.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usiyamwage," akasema. "Yatafaa."

Nikapiga magoti pale pale. Nilitaka kusema samahani kwa yale maneno ya mwezi wa tisa. Akanishika bega kabla sijaanza.

"Inuka. Utachafua kanga mpya, na sabuni imebaki kipande kimoja."

Alfajiri mvua ilinyesha, ya kwanza ya msimu. Kulipokucha barabara ilikuwa imejaa watu wenye majembe, wanazungumza kwa sauti, wanaelekea mashambani. Mama alikuwa barazani anagongomea mpini kwenye jembe lake. Shamba lake la Heru Juu lilikuwa linangoja, na yeye alikuwa anagonga taratibu, anageuza, anaangalia kama limekaa sawa, kama mtu mwenye mbegu.

Nikajitanda kanga, nikavuka kizingiti. Hakunizuia. Sikujua kwamba miguu inaweza kusahau. Niliteleza mara mbili kwenye tope kabla ya kufika kona, na mwanga ulinichoma macho. Siku mia na zaidi nilikuwa nimepanga nitakwenda wapi kwanza siku nikitoka. Nilipanga kaburini kwa mume wangu. Nilipanga sokoni. Duka la vyakula la shemeji halikuwamo.

Lakini huko ndiko nilikokwenda, na nilipofika alikuwa ameshafungua. Fundi baiskeli alikuwapo, na wanawake wawili wanapimiwa mafuta. Ningeweza kungoja waondoke. Sikungoja.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kukuomba."

Akaweka chini kipimo cha mafuta.

"Maharage ya mama. Ya Ijumaa ya mwisho, kama hayajapikwa. Na kama yamepikwa, naomba mbegu yoyote ya njano uliyonayo. Mvua imenyesha na mama yako hana cha kupanda."

Mkewe alisikia kutoka chumba cha nyuma, akatoka na beseni kabla mumewe hajapata neno. Yalikuwa hayajaoshwa, ya kijivu vilevile kama yalivyotoka kwenye debe. Nikakinga upindo wa kanga yangu mpya, akamimina.

"Nilikwambia utaniomba," shemeji akasema. Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata yeye hakuona raha aliyoitegemea.

"Uliniambia," nikasema. "Niongezee na ya kwenye gunia."

Akachota kwa bakuli, mara tatu, nne. Hakugusa mizani.

Niliporudi mama alikuwa pale pale barazani na jembe lake tayari. Nikafungua upindo mbele yake. Akachukua punje moja, akaifuta majivu kwa kidole gumba, akaigeuza.

"Umemwomba?"

"Nimemwomba."

Akaleta ungo, akayamwaga, akaanza kuchambua, nzima huku, zilizovunjika kule, vidole vinakwenda mbio kama siku zote. Zilizovunjika zilipofika kibaba akazisukuma upande wangu.

"Hizi ni zetu, tupike leo kabla ya kwenda shamba," akasema. "Na tia chumvi ya kutosha."